Kiwavi Anayetembea na Nyumba Yake: Kumtambua Nondo wa Kifuko na Kuyaelewa Maisha Yake

Pita chini ya mivinje ya Bamburi, Mombasa, au ile iliyopandwa kandokando ya nyua za Nyali na Shanzu, kisha inua macho uangalie matawi ya chini. Utaona vitu vya rangi ya kahawia vinaning'inia, urefu wa kidole cha mwisho au zaidi kidogo, vimefunikwa vijiti vikavu. Wapitaji wengi huvichukulia kuwa ni mbegu zilizonyauka, au taka zilizonaswa na utando wa buibui. Lakini ukisimama pale asubuhi kabla jua halijapamba moto, kimojawapo kitasogea. Kichwa kinachong'aa kitachungulia kwenye ncha ya juu, miguu sita midogo itashika tawi, na mzigo wote utavutwa mbele.

Huyo ni kiwavi wa nondo. Wataalamu wameiita familia yake Psychidae, na imekwisha kuorodheshwa spishi zaidi ya 1,000 duniani. Hapa nitamwita nondo wa kifuko, kwa kuwa kifuko ndicho kinachomtambulisha. Asili yake ni msituni na vichakani. Mjini ameingia pamoja na miti tuliyoipanda. Watu humkosea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba pwani yetu ina wadudu wengine wanaojenga vitu vya kufanana na vyake. Ya pili ni nzito zaidi: hata ukishajua kwamba ni nondo, ukakaa ungojee aote mabawa aruke, jike hatakupa nafasi hiyo. Katika spishi nyingi za familia hii jike hana mabawa, hatoki nyumbani, na hafi mbali na pale alipofunga uzi wake wa mwisho.

Tuanze kwa kumtenga na wengine, maana hapo ndipo makosa mengi yanapotokea.

Wa kwanza ni yule wa ukutani, ambaye watu wa Mombasa wanamwona kila siku kuliko huyu wa mtini. Katika nyumba za Mji wa Kale zenye kuta za matumbawe na chokaa, na hata kwenye fleti mpya za Kizingo na Tudor, angalia nyuma ya kabati, bafuni, na pale ukuta unapokutana na dari. Utakuta kijimfuko bapa cha rangi ya vumbi, kifupi kuliko sentimita moja na nusu, kimenenepa katikati na kuchongoka kote kuwili. Nacho kinatembea. Ukikigusa, kiwavi hujirudisha ndani mara moja. Akitaka kurudi alikotoka hana haja ya kuzunguka, kwa sababu mfuko wake una mlango kila upande: hujipindua humo humo ndani na kutokeza kichwa upande wa pili.

Huyu wa ukutani si wa Psychidae. Ni wa Tineidae, ile familia ya nondo wanaotoboa nguo za sufu, na jenasi yake ni Phereoeca. Mfuko wake ameushona kwa hariri akaupaka mchanga, vumbi la chokaa na nyuzinyuzi za nguo, ndiyo maana mfuko huwa na rangi ya ukuta wenyewe. Chakula chake ni utando wa buibui uliochakaa, mizoga ya wadudu, nywele zilizoanguka na sufu. Jani bichi haligusi. Toka yai hadi nondo mzima hupita kiasi cha miezi miwili na nusu, na mwishoni dume na jike wote hutoka na mabawa: vijinondo vya kijivu vyenye madoa meusi, ambavyo ukiviona karibu na taa huwezi kudhani vina uhusiano wowote na kile kijimfuko. Anapenda unyevu, na unyevu Mombasa haujawahi kuadimika. Dawa yake ni ufagio tu. Ondoa utando wa buibui na vumbi la pembeni, na chakula chake kitakuwa kimeondoka.

Wa pili nampitia haraka. Ukiona majani mabichi ya mwembe au mkanju yameshonwa pamoja yakawa donge kubwa, hayo ni makao ya maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini. Hariri waliyoshonea imetoka kwa mabuu wao wenyewe. Donge halisogei, na ukilitikisa utajua ni la nani bila kuuliza mtu.

Wa tatu yumo kwenye mikoko. Katika kingo za maji, kwenye mililana, aina mojawapo ya mikoko, kuna kiwavi wa nondo anayeishi ndani ya mti. Matawi ya mlilana yamekuwa yakikauka pwani ya Kenya kwa miaka mingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwataja wadudu wawili wanaohusika: mbawakawa aitwaye Bottegia rubra, na nondo wa jenasi ya Salagena. Kiwavi wa Salagena hutoboa ubao na kufunika njia yake kwa mchanganyiko wa hariri na unga wa mti uliotafunwa. Mtu anayeona utando huo wa kahawia kwenye gome hudhani ni kifuko kilichobandikwa. Jaribu kukiinua kwa kucha: kifuko cha kweli kina umbo lake kamili na hutoka kizima, lakini utando wa Salagena hupasuka na chini yake unaona shimo. Tofauti hiyo si ndogo. Mla majani huusumbua mti, lakini mtoboaji huua tawi zima.

Sasa turudi kwenye mvinje.

Ukitaka kumtambua nondo wa kifuko, soma kifuko kabla ya kumtafuta mdudu. Jambo la kwanza la kutazama ni vile vijiti vilivyopangwa. Kwenye mvinje, kiwavi hukata vile vinavyoitwa sindano na kuvilaza kwa urefu, kimoja kando ya kingine, vikifuata mwelekeo wa kifuko. (Sindano hizo kwa kweli si majani. Ni vitawi vyembamba vya kijani vyenye viungo vingi, na majani halisi ni magamba madogo sana yaliyozunguka kila kiungo. Chukua kitawi kimoja ukivute taratibu: kitaachana pale kwenye kiungo, na magamba utayaona.) Kwenye mkungu au mpera utakuta vifuko vilivyofunikwa vipande vya majani vilivyopandana kama makuti ya paa, kila kipande kikifunika mzizi wa kilicho chini yake. Kwenye migunga wengine hutumia vijiti na miiba, na wapo wanaolaza vijiti kwa kukingamisha, pande nne, hadi kifuko kinakuwa cha mraba. Wengine hawabandiki chochote na kifuko chao ni hariri tupu ya kijivu.

Hapa ndipo mtu anayetegemea picha moja hupotea. Spishi ile ile, ikilelewa kwenye mti mwingine, hujenga kwa vifaa vya mti huo. Ukimhamisha kiwavi mchanga kutoka mvinje hadi mpera, sehemu ya kifuko itakayoongezeka itakuwa ya mpera. Kwa hiyo mpangilio una uzito kuliko malighafi. Andika jina la mti, ndiyo, lakini usimpe mdudu jina kwa sababu ya mti.

Jambo la pili ni ncha zake mbili, ambazo hazifanani. Ncha ya juu, ile iliyoelekea tawi, ni laini na ina shingo ya hariri inayokunjika. Kiwavi akihisi mtikisiko huivuta shingo hiyo kwa ndani na mlango hufungika. Ncha ya chini ni nyembamba na wazi kidogo, na ndiyo njia ya kinyesi. Mara nyingi vijiti vya ncha ya chini ni vifupi na vyembamba kuliko vya juu. Hiyo ni historia yake: kifuko huongezwa kutoka mbele, upande wa kichwa, hivyo sehemu ya nyuma ni ile aliyoijenga akiwa mchanga. Umri wake unausoma toka chini kwenda juu.

Ukipata kifuko kilichoanguka na unataka kujua ndani kukoje, tumia mkasi mdogo wenye ncha kali na ukate polepole kwa urefu. Utashangaa jinsi kinavyokataa. Ukuta wake ni hariri iliyosokotwa tabaka juu ya tabaka, na vidole peke yake havikirarui. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kupima uzi wa nondo wa kifuko wa huko, Eumeta variegata, wakaonyesha kwamba kwa nguvu na ukakamavu unapita hariri ya nondo wa kufugwa na hata ya buibui. Upande wa ndani ni laini kabisa, weupe wa kijivu, hauna kijiti hata kimoja kinachochoma. Kiwavi mwenyewe ana sura mbili. Kichwa na pingili tatu za kwanza ni ngumu, za kahawia iliyokolea zenye michirizi myeupe, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo hutoka nje kwenye jua na hatari. Kuanzia hapo kwenda nyuma ni laini, rangi iliyofifia, haijawahi kuona mwanga. Miguu sita ya kweli iko mbele nayo ndiyo hutembea. Miguu bandia ya nyuma ina kulabu ndogo zinazoshika hariri ya ndani, na hiyo ndiyo sababu usimvute kiwavi hai kwa nguvu: atakatika kabla hajaachia.

Maisha yake tunaweza kuyaanzia popote, ila ni wepesi zaidi kuanzia kwa mama aliyekwisha kufa.

Mayai yamo ndani ya kifuko cha mama, na si katika kifuko tu, bali ndani ya ganda la pupa ambalo mama hakulivua lote. Idadi yake ni mamia, na katika spishi kubwa hupita 1,000. Yanapoanguliwa, viwavi wachanga hutoka kwa mlango wa chini, wadogo kiasi kwamba bila miwani ya kukuza utaona vumbi jeusi linatambaa. Kila mmoja hushuka kwa uzi wake wa hariri, na hapo upepo ndio huamua. Wengine hutua kwenye tawi lile lile. Wengine uzi hukatika, wakabebwa mti wa pili, wa tatu, au ng'ambo ya barabara. Wakati wa kusi, pepo za baharini zinapovuma mchana kutwa, kichanga mwenye uzito wa karibu sifuri anaweza kufika mahali ambapo mama yake asingefika kwa maisha yake yote. Ni safari ya kubahatisha na wengi hufia njiani, lakini ndio usafiri pekee wa ukoo huu, ukiondoa miche na kuni tunazozihamisha sisi wenyewe pamoja na vifuko vilivyofungwa juu yake.

Kitu cha kwanza afanyacho kichanga akitua ni kujenga. Wengi hawali hata tonge kabla ya kuwa na kifuko. Huchubua gome au jani, hukusanya chembe, huziunganisha kwa hariri kuwa mkanda, kisha hujiingiza ndani yake. Kifuko hicho cha mwanzo ni kama pia ndogo ya kuchezea, ambayo mdudu huibeba ikiwa imesimama wima juu ya tawi. Baadaye, uzito ukizidi, kifuko huinama na kuanza kuning'inia, na ndipo watu huanza kukiona.

Kuanzia hapo, kwa wiki nyingi na mara nyingi miezi kadhaa, kazi ni mbili: kula na kuongeza nyumba. Akila hujifunga kwenye tawi kwa ukanda mdogo wa hariri. Akitaka kuhama huukata. Kila anapojivua ngozi hufunga mlango wa juu na kutulia ndani, nawe ukipita siku hizo unaweza kuapa kwamba amekufa. Ngozi ya zamani na ganda la kichwa husukumwa nje kwa mlango wa nyuma. Siku chache baadaye mlango wa juu unafunguliwa, kichwa kikubwa zaidi kinatoka, na kifuko kinaongezwa tena.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali mara nyingi huwa na kizazi kimoja kwa mwaka, na mayai au viwavi ndio hungojea joto. Huku kwetu hakuna baridi ya kungojewa, kwa hiyo usistaajabu kukuta mvinje mmoja una vifuko vya kila umri, kuanzia vya ukubwa wa punje ya mchele hadi vya urefu wa kidole. Ukikuta hivyo, usihesabu spishi tatu mahali palipo na spishi moja.

Akishakomaa, tabia yake hubadilika. Huacha kula, hutafuta mahali imara, na wakati mwingine huuacha mti kabisa: utamkuta kwenye nguzo ya geti, kwenye waya wa ua, hata kwenye ukuta wa nyumba. Ndipo anapochanganywa na yule wa Phereoeca. Tofauti ni rahisi: wa mtini hubeba vijiti au majani hata awapo ukutani, na akishajifunga hasogei tena. Husokota ukanda mnene wa hariri kuzunguka tawi, hufunga mlango wa juu moja kwa moja, kisha hufanya jambo ambalo huwezi kuliona kwa nje: hujigeuza kichwa chini, miguu juu, kuelekea ule mlango mwembamba uliokuwa wa kinyesi. Katika hali hiyo huwa pupa.

Mpaka hapa dume na jike ni wamoja. Kuanzia hapa njia zinaachana.

Pupa wa dume, siku yake ikifika, hujisukuma hadi nusu ya mwili wake ikatokeza nje ya mlango wa chini. Hapo ganda hupasuka na nondo hutoka. Ni nondo wa kahawia au mweusi, mwili una manyoya mengi, mabawa yake ni membamba na katika baadhi ya spishi yana sehemu zisizo na magamba zinazopitisha mwanga. Vipapasio vyake vimechanuka pande zote mbili, kila kimoja na meno mengi, kwa sababu kazi yake ni kunusa. Kinywa chake hakifanyi kazi. Hali na hanywi, na ana siku chache tu. Ganda tupu la pupa hubaki limechomoza kwenye ncha ya kifuko, rangi ya asali, na hilo ndilo alama bora kuliko zote kwa mtu anayetaka kujua: ukiliona, humo alikaa dume naye ameshaondoka.

Jike hubaki. Katika jenasi kama Eumeta, ambayo ina spishi zake barani Afrika, jike mzima hana mabawa, miguu na macho yake ni mabaki tu, na vipapasio ni vijinundu au havipo kabisa. Mwili wake karibu wote ni mayai. Hutoa feromoni, harufu isiyohisika na pua ya binadamu, inayotoka kwa mlango wa chini na kuchukuliwa na upepo. Dume huifuata dhidi ya upepo hadi kwenye kifuko. Lakini jike yumo ndani, kichwa chake kimeelekea chini na sehemu ya uzazi iko juu, mbali na mlango. Basi tumbo la dume hurefuka, likaingia kwa mlango wa chini, likapita pembeni mwa mwili wa jike hadi mwisho wa ganda. Wanapandana bila ya kuonana. Baada ya hapo jike hutaga mayai katika ganda lile lile la pupa, huyafunika kwa manyoya laini ya mwili wake, hunyauka, hufa. Katika spishi nyingine hudondoka chini akiwa amebaki ngozi tu.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo wanafunzi hutatizika, na walimu pia. Kitabu cha sayansi kina mduara: yai, lava, pupa, mdudu kamili mwenye mabawa. Mtoto akifungua kifuko akakuta kitu laini, cheupe, kisicho na miguu, huandika "lava". Si lava. Jike yule amepitia hatua zote nne, na ni mdudu mzima kwa maana halisi, yaani ana uwezo wa kuzaa. Mabawa siyo kipimo cha ukomavu. Mduara wa kitabu uko sahihi, bali ule mchoro wa nondo aliyetandaza mabawa uliowekwa juu yake unamfaa dume peke yake. Nawasihi walimu wa Mombasa wenye mvinje shuleni wautumie mti huo kuongeza mchoro wa pili, wa jike, kando ya ule wa kwanza. Hauhitaji gharama yoyote.

Na kwa nini iwe hivyo? Mdudu huyu hula akiwa kiwavi tu. Chochote atakachokuwa nacho, mabawa, misuli ya kurukia au mayai, kimetoka kwenye majani aliyotafuna akiwa ndani ya kifuko. Jike asiyetengeneza mabawa hupata mayai mengi zaidi kwa kiasi kile kile cha chakula. Gharama yake ni kwamba ukoo hauwezi kuchagua pa kwenda; umekabidhiwa upepo na vichanga. Familia yenyewe inaonyesha ngazi zote za mabadiliko haya: zipo Psychidae ambazo jike bado ana mabawa na huruka, zipo ambazo jike asiye na mabawa hutoka na kushikilia kifuko kwa nje, na zipo hizi zinazobaki ndani mpaka mwisho. Ulaya kuna hata Dahlica triquetrella, ambaye sehemu nyingi ana majike peke yake, wanaozaa bila dume.

Kifuko kigumu hakimlindi dhidi ya kila adui. Nyigu wadogo wa aina kadhaa na nzi wa kuvamia hutaga mayai juu ya kiwavi au ndani yake, na mabuu wao humla akiwa hai. Ukichukua vifuko vichache ukaviweka kwenye chupa, usishangae mmoja akitoa nyigu watano mahali pa nondo mmoja. Tundu dogo la mviringo ubavuni mwa kifuko ni dalili yao. Nondo hatoki kwa njia hiyo. Ndege nao hupasua vifuko, na sisimizi huingia kwa mlango wa chini.

Kwa Mombasa, mvinje una habari yake. Asili ya mti huu ni Asia ya Kusini-Mashariki na Australia, lakini pwani yetu imeukubali. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobaki matumbawe tupu yenye maji ya chumvi. Mvinje ulistahimili pale ambapo miti mingi ilikufa, kwa sababu mizizi yake huishi na bakteria wanaovuta naitrojeni hewani. Shida ikawa sindano zilizoanguka: hazikuoza. Wakaletwa majongoo wa miguu myekundu, wakazila, na udongo ukaanza kujengeka. Leo panaitwa Haller Park. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha nini hutokea msitu unapopandwa na mikono ya watu: wadudu huja, wengine kwa kuletwa na wengine kwa upepo, na kila mmoja ana nafasi yake. Nondo wa kifuko ni sehemu ya msitu huo, pamoja na nyigu wanaomla na ndege wanaowala wote wawili.

Je, ni wa kuogopwa? Kwa mti mkubwa, sioni sababu. Mvinje uliokomaa ukipoteza sehemu ya vitawi huchipua tena. Kwenye kitalu cha miche ni jambo jingine: viwavi kumi juu ya mche wa nusu mita wanaweza kuuacha kijiti kitupu, na wakulima wa Kilifi na Kwale wanaopanda mivinje kwa ajili ya nguzo wana haki ya kuchukua hatua. Hatua bora ni mikono. Kata ukanda wa hariri kwa mkasi, kwa kuwa kuvuta huchubua gome na ukanda ukibaki huweza kulikaba tawi linaponenepa. Usivitupe vifuko chini ya mti, mayai yataanguliwa hapo hapo. Viweke kwenye ndoo iliyofunikwa wavu mwembamba, mbali na miti: viwavi wachanga hujaribu kutoka, na wavu wa kitambaa huwazuia wengi, huku ukiwafungulia mara kwa mara nyigu waliokomaa warudi kazini. Kupuliza dawa kali kwa viwavi wakubwa ni kupoteza fedha, maana wakihisi hatari hufunga mlango. Wanaokufa kwanza ni nyigu waliokuwa wakikusaidia. Kama lazima upulize, tumia ile dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis, wakati viwavi ni wachanga na wanakula.

Anayetaka jina kamili la spishi ajue kwamba kifuko hufikisha mtu kwenye familia, na mara nyingine kwenye jenasi, basi. Spishi huthibitishwa kwa dume mzima, kwa kuchunguza mishipa ya mabawa na viungo vya uzazi chini ya hadubini, au kwa kupima DNA. Kwa hiyo inambidi afuge. Chukua tawi lenye vifuko vilivyokwisha kufungwa imara, kata tawi lenyewe badala ya kubandua kifuko, na ulining'inize kwenye chupa pana yenye kitambaa cha wavu mdomoni, likae vile vile lilivyokaa mtini, ncha ya chini ikiwa chini. Usiloweke maji, ukungu utawaua. Weka kivulini, kagua kila asubuhi, na dume akitoka mpige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu atajipigapiga kwenye kioo na magamba ya mabawa yatapukutika.

Picha zinazomsaidia mtaalamu ni tatu: kifuko kizima kando ya rula, ncha ya chini kwa karibu ili ionekane kama ganda la pupa limechomoza au la, na dume akiwa ametandaza mabawa. Andika tarehe, mtaa, na jina la mti. Mvinje wa Shanzu na mgunga wa Nguuni ni taarifa mbili tofauti. Hifadhi pia kile kifuko kitupu na ganda lake kwenye bahasha moja na nondo mkavu. Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu wa kulinganishia, na dume aliyepelekwa pamoja na kifuko chake ana thamani kuliko madume kumi waliookotwa chini ya taa, ambao hakuna ajuaye walitoka mti gani.